Majani ya Shimo la Nei Oreba

Mpaka anatimiza miaka ishirini na moja, Aritita hakuwa amemwambia mtu yeyote hapana. Si kwamba alikuwa mpole kuliko wengine. Ulimi wake ulikuwa mkali wa kutosha, na wasichana wa kijiji cha Buota waliosoma naye wanalijua hilo. Ila sisi watu wa visiwa hivi tukiombwa hatukatai. Ndugu akija kwako akaisifu sufuria yako, kisha akasema anaiomba, unaiosha, unampa, halafu unakaa kufikiria jioni utapikia nini. Ombi la namna hiyo lina jina lake, bubuti, na anayelikataa aibu yake huwafikia hata wajukuu. Wapo wanaosema ndiyo maana hatuendelei mbele. Huenda ni kweli, lakini mimi nawauliza, hao walioendelea, jirani yao akiishiwa samaki hula nini?

Aliishi kwa bibi yake mzaa mama, Nei Oreba; Nei kwetu ni neno la heshima kwa mwanamke, kama Bi. Wazazi wake walikuwa wamehamia kikazi kisiwa cha mbali cha Kiritimati pamoja na wadogo zake, yeye akabaki huku Tarawa kwa sababu ya shule, na baadaye chuo. Kwa Nei Oreba kulikuwa na nyumba ya matofali iliyokaa vitu, na ulingo wa wazi ulioezekwa makuti uliokaa watu. Nyuma, kati ya minazi, kulikuwa na shimo la babai.

Babai ni gimbi kubwa, jani lake laweza kumfunika mtoto mvua isimguse, na hupandwa kwenye shimo lililochimbwa mpaka likafikia maji baridi yaliyo chini ya ardhi. Si chakula cha kila siku. Kila siku ni wali na samaki, na shelisheli likiwapo. Babai huchimbuliwa kwa harusi, kwa msiba, au kwa mgeni ambaye mkimpa wali mtasemwa. Basi miaka minne kabla ya haya ninayoyasimulia, bamvua moja kali lilipanda juu ya ukuta wa mawe, bahari ikaingia mashimoni. Babai za majirani wote zilioza. Za Nei Oreba ziliugua miezi mitano, majani yakawa ya njano kama uso wa mtu mwenye homa, kisha zikainuka tena.

Watu walikuja kumwomba awaambie anazilisha nini. Hakumkataa hata mmoja. Aliwakalisha ulingoni, akawapa maji ya kunywa, akawaeleza, wakaenda kufanya vilevile alivyowaeleza. Mashimo yao hayakupona. Watu wakasema basi si majani, ni mkono wake una baraka, na wakaacha kuuliza.

Aritita alikuwa akimsaidia bibi yake tangu ana miaka tisa. Alibeba udongo mweusi, alisuka vile vikapu vya mkadi visivyo na kitako ambavyo huzungushwa kwenye shina, na alichota kwa kopo maji ya chumvi yalipoingia. Lakini majani Nei Oreba aliyachuma peke yake, akayakatakata peke yake, na alipokuja shimoni kikapu kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Aritita hakuuliza. Jambo kama hilo haliulizwi hovyo na mtu wa nyumbani. Unatumika, unangoja, na siku moja mzee anakuita ukae. Yeye alikuwa akingoja, na moyoni alijua zamu ni yake, ingawa hakuwahi kulisema mbele ya mtu.

Mwaka wake wa tatu chuoni, kwenye somo la maji, walimu walikuja na jambo jipya. Chuo kilikuwa kimeungana na vyuo vya nchi nyingine, na wanafunzi wakagawanywa watatu watatu, kila mmoja wa nchi yake, wafanye utafiti mmoja kwa mtandao na kuuandika kwenye faili moja la pamoja. Aritita alipangwa na Imogen wa Hobart, kusini kabisa mwa Australia, na kijana mmoja wa Valparaíso, Chile, aitwaye Joaquín.

Walikutana kila Alhamisi saa mbili asubuhi ya Tarawa. Kwa Imogen ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, naye alijitokeza kwenye kioo cha kompyuta amejifunika blanketi, kikombe cha chai kikimfukiza usoni. Kwa Joaquín ilikuwa bado Jumatano jioni. Hilo lilimfurahisha mno, na kila kikao alikianza kwa swali lilelile.

"Wewe uko kesho. Haya, kesho kukoje?"

"Kesho kuna joto," Aritita alikuwa akijibu, au kesho kuna mvua, au kesho mbwa wa jirani amekula samaki wetu. Joaquín alicheka kila mara, mpaka Imogen naye akawa hawezi kuanza kazi kabla ya kupata habari za kesho. Walikuwa watoto wema, wote wawili, na nitakayoyasema mbele yasimfanye mtu awachukie.

Ila walikuwa wakiuliza. Imogen aliuliza kama Aritita angeweza kutafuta takwimu za mvua za miaka ishirini, Aritita akasema ndiyo. Joaquín aliuliza kama kuna mtu mwenye nafasi ya kuchora ramani ya visima, wakanyamaza wote, Aritita akasema ndiyo. Nani atapanga marejeo? Nani atamwandikia mwalimu? Kwa wale wawili hayo yalikuwa maswali ya kutupwa mezani, anayetaka ayaokote, asiyetaka ayaache. Kwa Aritita kila moja lilikuwa bubuti. Kufikia wiki ya tano theluthi mbili za kazi zilikuwa kwake, na alikuwa akikaa ulingoni na kompyuta mapajani tangu anaporudi chuoni mpaka wali unapoiva.

Mama yake mkubwa, Nei Teburea, binti wa kwanza wa Nei Oreba, alikaa nyumba ya tatu kutoka pale na hakuwa mtu wa kuona jambo akalimeza. "Hao wenzako wana mikono?" alimuuliza siku moja, akiwa anasuka mkeka.

"Wameniomba, mama mkubwa."

"Na wewe waombe. Bubuti ina njia mbili."

"Nitawaombaje, na wala siwajui kwao."

"Hujui kwao, lakini mzigo wao unaujua," alisema Teburea, akavuta ukindu akaendelea na kazi yake.

Imogen mwenyewe aliwahi kuona kwamba mambo yameelemea upande mmoja. Alimuuliza Aritita kama kazi si nyingi mno, Aritita akasema iko sawa. Basi ikawa sawa.

Wiki ya sita Aritita aliwaonyesha picha za mashimo ya Buota, moja baada ya moja, yote makavu au yamejaa magugu, na mwisho picha ya shimo la bibi yake. Joaquín alisogea mpaka uso wake ukajaa kioo. Akauliza kwa nini hili limepona. Aritita akasema bibi yake analilisha majani. Majani gani? Hajui, anajua bibi mwenyewe. Yule kijana alisimama, akakaa, akasema utafiti wao wote ulikuwa hapo na walikuwa wakiupita.

"Unadhani bibi yako angekubali kutueleza? Tumrekodi, kwa sauti yake mwenyewe. Kama haiwezekani, basi, hakuna neno."

Yale maneno ya mwisho Aritita aliyachukua kuwa adabu tu, kama mtu anayesema msijisumbue huku ameshavua viatu. Alisema ndiyo.

Alikaa na ile ndiyo yake siku sita. Alipika, aliosha vyombo, alikwenda chuoni akarudi, na kila alipomwona bibi yake amekaa alipata sababu ya kuondoka. Alijua anachokwenda kuomba. Kile ambacho nyumba moja inalisha babai zake nyumba nyingine haikisikii, na hata ndani ya nyumba anakijua mtu mmoja, mwisho wawili. Lakini alikuwa ameombwa, na amekubali, na Alhamisi ilikuwa inakuja. Jumatano asubuhi alinunua kipande cha tumbaku ya kamba, akamwekea bibi yake mkekani, akakaa chini yake kidogo.

Nei Oreba aliitazama ile tumbaku. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyopinda, na macho ambayo mtu hakuweza kuyadanganya kwa maneno mengi. Alikata kipande, akakisokota ndani ya jani kavu la mkadi, akawasha.

"Nina ombi, bibi."

"Nimeliona limelala hapa. Sema."

"Naomba unieleze unachozilisha babai. Nirekodi kwenye simu."

Bibi alivuta moshi, akautoa taratibu. "Ombi hilo la nani?"

"La wenzangu wa chuo. Mmoja yuko Australia, mwingine Chile."

"Wana mashimo huko?"

"Hawana, bibi."

"Sasa watalisha nini?"

"Wataandika."

Nei Oreba alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi hicho alikuwa nacho tangu mwezi uliopita, na hakuna aliyekijali. Alipotulia alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. "Na wewe," akasema, "huna ombi lako?"

Hapa ndipo ningependa kumshika Aritita bega, kama msimulizi angekuwa na mkono wa kufika huko. Swali alilisikia. Lakini kichwani mwake kulikuwa na Alhamisi, na Joaquín amesimama na kukaa, na kichwa cha habari ambacho Imogen alikwisha kukiandika kwenye faili na kuacha nafasi tupu chini yake. Akasema, "Langu ni hilohilo, bibi. Wakipata wao nimepata na mimi."

"Haya," alisema Nei Oreba. "Washa hicho kidude chako."

Alizungumza dakika kumi na moja. Alitaja jani la uri, na kaura, na mao, mimea iotayo yenyewe kisiwani, akasema yachumwe yakiwa makavu kiasi gani, yakatwe upana gani, yachanganywe na udongo wa chini ya mshelisheli, yawekwe ndani ya kikapu kisicho na kitako na kuongezwa kila mwezi unapoandama. Alisema vizuri, bila kurudiarudia, kama aliyewahi kuyasema mara nyingi. Aritita alipozima simu alimbusu mkono. Bibi akamwambia ukimaliza hiyo kazi ya wenzako, njoo tukae. Aritita akasema ndiyo, akakimbilia basi.

Alhamisi hiyo walisikiliza pamoja, Aritita akiwafasiria. Imogen aliandika kila neno. Joaquín hakutia mzaha hata mmoja. Mwalimu wao alipousoma mswada alisema ni kazi bora kuliko zote, na kwamba kazi bora zingewekwa kwenye tovuti ya wazi ili mtu yeyote duniani azisome na kuzisikiliza. Jumapili ya wiki ya kumi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha. Siku aliposikia hayo Aritita alirudi nyumbani akiimba, na alipotaka kumweleza bibi yake alimkuta amelala, akamwacha apumzike.

Kile kikohozi kilishuka kifuani. Walimpeleka hospitali Ijumaa, na Jumanne alfajiri Nei Oreba alifariki, binti yake Teburea akiwa amemshika miguu.

Walimrudisha nyumbani, wakamlaza juu ya mikeka yake mwenyewe, na kwa siku tatu watu waliingia na kutoka. Walikuja na mchele, na mikeka, na nyimbo za kanisani. Wanaume waliingia shimoni mwake wakachimbua babai, kwa sababu kwa msiba wa mwenye shimo huwezi kuwalisha watu kitu kingine. Aritita alizimenya, alizipika, aligawa. Hakulia sana. Alikuwa na kazi.

Siku ya mazishi wazee walizungumza katika mwaneaba, ukumbi wa kijiji, kila mmoja kwa zamu yake. Wa mwisho kusimama alikuwa mzee mmoja wa ukoo wa mume wa marehemu. Alisema Nei Oreba ameondoka, lakini mambo ya nyumba yake hayakuondoka, yamelala mle mle nyumbani yanapostahili kulala, na hakuna upepo utakaoyabeba. Watu waliitikia. Wengi walimtazama Teburea, naye akainamisha kichwa.

Aritita alikuwa amekaa nyuma na sinia la vikombe. Akaliweka chini. Dakika kumi na moja za sauti ya bibi yake zilikuwa Hobart, zilikuwa Valparaíso, na siku chache zijazo zingekuwa kila mahali. Yule mzee alikuwa anaapa uongo mbele ya maiti na hajui, na aliyemfanya aape uongo ni yeye.

Alhamisi saa mbili alifungua kompyuta. Alikuwa amekosa kikao kimoja bila kueleza, na kabla ya kuwasilisha zilikuwa zimebaki siku tatu. Joaquín alitokea kwanza, akitabasamu, akauliza kama kawaida yake kesho kukoje.

"Kesho bibi yangu hayupo," Aritita alisema. "Tumemzika."

Imogen alikuwa anatokea wakati huohuo na aliyasikia maneno, blanketi likamwanguka mabegani. Kila mmoja akasema pole kwa namna yake, Imogen akalia, na Joaquín akasema kwamba kazi hii sasa ingekuwa ya kumkumbuka, jina lake lingewekwa juu kabisa. Hapo Aritita akaona akiendelea kunyamaza watampamba bibi yake kwa kitu kile kile kinachomvunjia heshima.

"Nina ombi," akasema. Katika wiki zote zile lilikuwa la kwanza. "Naomba sauti ya bibi itolewe. Na maandishi yake yote. Yafutwe kwenye faili, na kwenu pia. Si mambo ya watu wa nje. Hata mimi sikupaswa kuwa nayo kwa njia ile."

Joaquín alijishika kichwa. Alisema, bila hasira, kwamba hiyo ni nusu ya kazi, na zimebaki siku tatu. "Nisamehe, Aritita, najua uko kwenye msiba. Lakini kwa nini hukusema tangu mwanzo? Tulikuuliza. Nilisema kama haiwezekani, basi. Ungesema hapana tu."

"Kwetu mtu akikuomba huwezi kukataa."

"Kitu chochote?"

"Chochote."

Imogen alikuwa anahesabu kwa vidole. "Takwimu za mvua," alisema polepole. "Ramani. Marejeo. Ile barua kwa mwalimu. Vyote hivyo ulikuwa huwezi kukataa?"

"Mliniomba."

"Mimi nilikuwa nauliza tu," Imogen alisema, akafunika uso kwa viganja.

Walimwomba awape mpaka kesho yake wafikirie. Aritita alifunga kompyuta akabaki ameitazama. Bubuti hujibiwa palepale. Mtu akisema ngoja nifikirie, amekwisha kukataa, na amekukataa mbele ya kijiji kizima. Alikwenda shimoni akakaa ukingoni, miguu ikining'inia, akawaza namna atakavyomwambia mama yake mkubwa kabla watu wengine hawajamwambia. Kwa mara ya kwanza aliwaonea wenzake wivu. Neno lile dogo wao walikuwa nalo mfukoni siku zote, wanalitoa na kulirudisha, na halikuwaumiza.

Ijumaa mchana ujumbe ukaja. Joaquín alikuwa amefuta kila kitu, kwenye faili na kwake, na Imogen amefuta kwake. Walikuwa wamemwandikia mwalimu kueleza. Sehemu iliyobaki wazi wangeijaza wao wawili kwa takwimu za visima, na Aritita asiguse chochote, akae na watu wake. Mwishoni Joaquín alikuwa ameandika: "Tungeweza kukataa. Tulizungumza saa nzima, tukaona hatutaki."

Aritita aliusoma mara tatu, kisha akalia, kilio ambacho hakikumjia makaburini. Ndiyo zote alizopata maishani zilikuwa za watu wasioweza kusema hapana. Hii ilitoka kwa watu walioweza. Kazi yao ilipata alama za kawaida, haikuwekwa popote, na mpaka leo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumlaumu.

Ilibaki nakala moja, kwenye simu yake. Kuifuta alishindwa, maana ilikuwa sauti ya bibi, na kuificha pia alishindwa. Jumatatu alasiri alikwenda kwa Teburea, akamkuta ulingoni peke yake, akakaa chini yake kama alivyokaa siku ile kwa bibi.

"Mama mkubwa, nimekosa."

Alimweleza yote, toka picha za mashimo mpaka barua kwa mwalimu. Teburea hakumkatiza. Kisha akasema nipe nisikie. Sauti ya mama yake ilipotoka kwenye simu aliziba mdomo kwa mkono, machozi yakashuka juu ya vidole, na dakika za mwanzo sidhani kama alisikia maneno. Bibi akataja uri. Akataja kaura, akataja mao. Teburea akainua kichwa. Akasikiliza kidogo tena, halafu, huku machozi hayajakauka, akaanza kucheka.

"Mwanangu," alisema, "haya ndiyo aliyompa mjomba wako Kaure. Ndiyo aliyowapa watu wote waliokuja hapa baada ya bahari kuingia. Neno kwa neno. Hata pale anapovuta pumzi katikati. Mama hakumnyima mtu, na hakumpa mtu."

"Si yenyewe?"

"Ingekuwa yenyewe, mashimo ya Buota yote yangekuwa ya kijani. Mimi nilichungulia kikapu chake mara moja, nilikuwa msichana. Mao hayakuwemo. Kulikuwa na kitu chenye harufu, sikijui. Alinichapa kwa ufagio." Alifuta macho kwa upindo wa gauni. "Kwa hiyo usilie. Wenzako hao hata wangeyaweka juu ya mlingoti, hakuna kilichotoka ndani ya nyumba hii."

Aritita alihisi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Alicheka naye, wakashikana mikono, na kwa muda ule mfupi Nei Oreba alikuwa yuko nao palepale, mjanja kama zamani. Kisha akauliza, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba sasa ile yenyewe wataanza kuiweka lini shimoni, maana majani ya upande wa bahari yameanza kugeuka njano.

Teburea aliacha kucheka. "Tutaanza akina nani?"

"Sisi. Wewe si unayo?"

"Mimi?" Alimtazama usoni, akitafuta mzaha, hakuuona. "Aritita, mimi sikumwomba kamwe. Miaka kumi na miwili wewe ndiye umembebea udongo. Nilijua ni yako. Siku zote nilijua amekupa wewe."

Walikaa hivyo, mikono bado imeshikana, na hakuna aliyeweza kumlaumu mwenzake. Wahenga wa mbali walisema mwomba chumvi huombea chunguche, yaani anayeomba huwaza chungu chake mwenyewe. Yule mtoto alikuwa amekwenda na chungu cha wenzake. Akatiliwa kinachotiliwa watu, kwa heshima zote, na chake akarudi nacho kitupu.

Miaka sita imepita sasa. Aritita anafanya kazi ofisi ya maji, anapima chumvi ya visima toka Betio mpaka Buota, na wazee wanampenda kwa sababu akifika nyumbani mwao hutaja kwanza anaomba kwa niaba ya nani. Imogen na Joaquín wanaandikiana naye bado, na Joaquín bado anauliza kesho kukoje. Shimo la Nei Oreba walijaribu kulilisha, yeye na mama yake mkubwa, kwa jani hili na jani lile, chochote chenye harufu kinachoota kisiwani. Zimebaki babai nne.

Rekodi anayo. Siku nyingine, akitoka kazini, huketi ukingoni mwa shimo akaisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, dakika zote kumi na moja, na zote ni za wenzake. Lile swali la bibi yake, na wewe, huna ombi lako, halimo. Liliulizwa kabla hajawasha simu.